Polisi Akikupiga Ukisimamishwa Barabarani Malindi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria zaidi mwendesha bodaboda wa Malindi, maana yeye ndiye anayechomolewa ufunguo, na yeye ndiye anayevutwa shati pikipiki ikiwa bado inatembea. Lakini dereva wa tuktuk, wa matatu za Mombasa, mwenye Probox ya kupeleka samaki Gede, na hata abiria aliyeketi zake nyuma, wote utawafaa.

Nianze na jambo ambalo vijana wa stejini hawapendi kulisikia: barabarani humshindi polisi. Ana bunduki, ana pingu, ana wenzake, na akirudi kituoni yeye ndiye atakayeandika kilichotokea. Kazi yako pale ni kufika nyumbani ukiwa mzima, na kukumbuka ulichokiona. Ugomvi wenyewe unakuja baadaye na unapiganwa kwa karatasi: jina au namba ya afisa, namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), karatasi za hospitali, na P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha yako. Ukiwa nazo una kesi. Usipokuwa nazo utabaki kuisimulia barazani.

Nguvu ambayo sheria inamruhusu

Polisi anaruhusiwa kutumia nguvu, tusidanganyane. Ila Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, imemwekea masharti. Kwanza ajaribu njia zisizo za nguvu: aseme, aamuru, angoje. Zikishindikana ndipo atumie nguvu, nayo ilingane na uzito wa kosa na jinsi mtu anavyokaidi, isizidi hapo.

Sasa pima makosa ya trafiki kwa vipimo hivyo viwili. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza mwendesha pikipiki asiye na vifaa vya kujikinga shilingi 1,000, na asiyefunga mkanda wa gari shilingi 500. Kosa ambalo serikali yenyewe imelikadiria kwa shilingi 500 halina uzito wa kubeba rungu la mgongoni. Na kama umesimama, umezima injini na mikono yako inaonekana, ukaidi uko wapi? Ndiyo maana hatua zote za hapa chini zinasisitiza utulivu. Si woga. Ni kumnyima mtu kisingizio atakachokuja kukisoma mbele ya hakimu.

Bunduki ni njia ya mwisho kabisa, hasa ya kuokoa maisha au kujikinga na hatari kubwa iliyo mbele ya macho. Kabla ya kufyatua, afisa anatakiwa ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Kukimbia kwa sababu huna helmeti si jambo la risasi. Usikimbie, lakini. Kizani, afisa hajui kwamba unakimbia kwa ajili ya helmeti, anaona mtu anayetoroka tu.

Jedwali hilo lina mambo mengine ambayo watu wengi hawajayasikia. Afisa aliyetumia nguvu lazima amweleze mkubwa wake mara moja. Ukiumia, lazima upatiwe matibabu papo hapo na jamaa zako wajulishwe, na kukunyima matibabu bila sababu ya maana ni kosa la jinai. "Niliagizwa na bosi" si utetezi. Kukitokea kifo au jeraha baya, mkubwa wake lazima aiarifu IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi. Na kila afisa mwenye sare lazima awe na jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Hili la mwisho ndilo litakalokufaa kuliko yote.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 29 kinakukinga na ukatili wa aina yoyote, uwe wa mtu binafsi au wa serikali, na Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 inampa afisa aliyetesa kifungo cha hadi miaka 25.

Kabla hujatoka nyumbani

Leseni, kitambulisho na bima viwe mahali pamoja unapopajua. Vipige picha umtumie mtu wa nyumbani. Kariri namba mbili za simu kichwani, kwa sababu kituoni simu huwa kitu cha kwanza kuchukuliwa. Mwenye boda avae helmeti na rifleta, na za abiria ziwepo. Kila kosa dogo unaloliondoa asubuhi ni sababu moja imepungua ya mtu kukushusha jioni.

Unaposimamishwa

*Hatua ya 1.* Washa indiketa, ingia pembeni, zima injini. Usiku, washa taa ya ndani ya gari. Mikono ikae juu ya usukani au hendeli. Watu wetu wana tabia ya kushuka haraka na kumwendea polisi, wakidhani ndiyo heshima. Afisa aliyesimama juani tangu asubuhi anaweza kuiona ni shari. Mngoje akufikie.

*Hatua ya 2.* Salimu kwanza, kisha tamka kila unachofanya kabla hujakifanya.

— Afande, habari ya kazi.

— Leta leseni.

— Iko mfuko wa ndani, afande. Naingiza mkono wa kulia niitoe.

— Unajua kosa lako?

— Silijui, afande. Nakusikiliza.

Angalia jibu la mwisho. Hakuna "nisamehe mkubwa, nimekosa". Adabu ni jambo moja, kukiri kosa ambalo hujaambiwa ni jambo jingine, na maneno hayo yanaweza kukurudia mbele ya hakimu. Hakuna pia "kwani nimefanya nini?", ambayo kwa sauti ya stejini husikika kama matusi hata pale ambapo hukukusudia.

*Hatua ya 3.* Soma jina kifuani, au namba, mara tu anapokukaribia. Usingoje mambo yaharibike ndipo utafute, kwa sababu huo ndio wakati kibao cha jina hufunikwa na jaketi. Kama hakina, uliza kwa upole: "Afande, nikuite nani?" Akikataa, kusanya vingine: namba ya gari lao, ambayo aghalabu huanza na GK, saa, na mahali hasa, kwa alama isiyohama kama msikiti, petroli stesheni au njia panda. Tazama begani na mkononi: koplo ana V mbili, sajenti ana tatu, konstebo hana. Afisa mrefu mweusi wako wengi. Koplo mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto, aliyekuwa na gari fulani saa fulani, hawezi kuwa mwingine.

*Hatua ya 4.* Akichomoa ufunguo, mwachie. Nadhani hapa ndipo pabaya kuliko pote katika kusimamishwa kote, na ndipo vijana wengi wanapoteleza. Kumshambulia, kumkaidi au kumzuia afisa aliye kazini ni kosa la jinai lenye kifungo. Kugombania ufunguo kwa sekunde tatu kunatosha kukugeuza kutoka mtu aliyepigwa hadi mtu aliyepigana. Sema tu kwa sauti ya kusikika: "Afande, umechukua ufunguo wangu, naomba nijue nakuja kituo gani."

*Hatua ya 5.* Ikija habari ya chai, jibu ni "niandikie, nitalipa". Sheria ya hongo ya mwaka 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji. Tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, ina ofisi hapa hapa Malindi, na simu yao ya bure ni 1551.

Upekuzi

Polisi anaweza kusimamisha na kupekua gari akiwa na sababu ya maana ya kushuku, kwa mfano mali ya wizi. Huna ulazima wa kuchangamkia. Sema: "Sikubali kupekuliwa bila sababu, afande, lakini sikuzuii." Sentensi hiyo ina sehemu mbili na zote mbili zinahitajika. Ya kwanza inalinda haki yako, ya pili inalinda mbavu zako.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hiyo imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, si hisani ya afisa. Dada aliyevaa ninja, yaani niqabu, anayetakiwa kulinganishwa na kitambulisho aombe aonwe pembeni na afisa wa kike. Kama hayupo, aombe angojewe. Dereva wa matatu na makanga wake wamsaidie kuongea, maana aghalabu wao ndio wanaofahamiana na maafisa wa kizuizi cha barabarani.

Kurekodi

Ukiwa mahali pa wazi unaweza kumrekodi afisa anayefanya kazi yake hadharani. Swali ni nani arekodi. Si wewe uliyeshikwa, kwa sababu simu mkononi mwako inakuwa ugomvi wa pili. Arekodi abiria au jirani wa barabarani, kutoka mbali kidogo, akiwa ametulia, bila kupiga kelele juu ya sauti zinazotakiwa kusikika. Asielekeze kamera ndani ya kituo au kambi. Hayo yanaweza kuwa maeneo yanayolindwa na yana sheria yake.

Faili lile lile la mwanzo lisikatwe wala kutiwa muziki. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokumenti ili lisipunguzwe ubora. Na kabla ya kulirusha mtandaoni mpe kwanza wakili au mchunguzi. Klipu ya sekunde 15 iliyosambaa inawapa watu hasira, lakini mahakama itauliza dakika tatu za kabla yake ziko wapi.

Mkono ukinyanyuka

Usirudishe. Kinga kichwa kwa mikono, kunja mwili, na useme kwa sauti kubwa: "Sikatai, afande! Sipigani!" Maneno hayo si ya afisa. Ni ya mama muuza mahamri aliye ng'ambo ya barabara, ambaye kesho ataulizwa alisikia nini.

Huku ukikinga kichwa, jitahidi kukumbuka mambo ambayo utaulizwa na watu wote kuanzia daktari hadi hakimu: pigo la kwanza lilitua wapi, lilikuwa la kofi, buti, rungu au kitako cha bunduki, nani aliyeanza, na kabla yake ulikuwa umeambiwa nini. Idadi ya mapigo usiibuni. Kama huijui, sema mengi.

Kisha kuna wenzako. Malindi boda mmoja akipigwa, dakika tano baadaye pikipiki thelathini zimefika, na hapo ndipo kesi nzuri huharibika. Jiwe moja likirushwa, hadithi si tena ya mtu aliyepigwa rungu kwa kosa la helmeti, ni ya ghasia, na inaishia kwa vitoa machozi. Mwenyekiti wa steji awe na mpango uliojulikana mapema: mmoja arekodi, mmoja achukue majina na simu za mashahidi, mmoja afuate gari la polisi kwa mbali ajue mwenzao anapelekwa kituo gani. Waliobaki wakae mbali. Nimesikia wakisema huo ni uoga. Basi wachague kati ya hasira ya siku moja na afisa kusimama kizimbani.

Ukikamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba ndicho cha kukikariri. Uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Kama Kiswahili cha kisheria kinakupita na lugha yako ni Kigiriama, dai Kigiriama. Una haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili na mtu mwingine wa kukusaidia, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikimalizikia nje ya saa za mahakama au katika siku isiyo ya mahakama, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo Ijumaa jioni inapopata sifa yake mbaya. Lakini kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema usiwekwe rumande, na mkubwa wa kituo, OCS, anaweza kukuachilia kwa dhamana ya polisi bila kungoja Jumatatu. Jamaa zako wakaliulize hilo kwa upole na kwa jina lake. Dhamana ya pesa ina risiti. Pasipo na risiti hapakuwa na dhamana.

Ukifika kaunta usikubali kupitishwa moja kwa moja hadi selo. Mwambie anayeandika OB: "Afande, nimeingia nikiwa na jeraha hili na hili, naomba liandikwe." Likiandikwa, hakuna atakayedai baadaye kwamba uliumizwa na mahabusu wenzako. Akikataa, mtu wa nyumbani arudi kesho yake na barua fupi kwa OCS yenye maneno hayo hayo, apige nakala na agongewe muhuri wa kupokelewa. Na maelezo usiyasaini kama hujayasoma au hujasomewa.

Hospitali, kisha P3

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapofia, na aghalabu mwenyewe ndiye anayeiua.

Nenda siku ile ile, iwe Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi au nyingine yoyote iliyo karibu. Kama unavuja damu au umepigwa kichwani, hospitali inatangulia, OB itafuata. Ukiingia utaulizwa kilichokupata, na watu wengi, kwa woga au kwa aibu, husema "nimeanguka na pikipiki". Neno hilo litaandikwa. Miezi minane baadaye wakili wa afisa atalisoma kwa sauti, na daktari wako hatakuwa na la kujibu. Sema kilichotokea kwa maneno mafupi: "Nimepigwa rungu mgongoni na polisi leo saa moja usiku." Hakikisha umeyaona yakiandikwa.

Mwonyeshe daktari kila mahali panapouma, hata pasipo na alama. Kwenye ngozi nyeusi uvilio wa damu hauonekani vizuri siku ya kwanza. Kwa hiyo piga picha siku hiyo, kisha tena siku ya pili na ya tatu, mchana, karibu na dirisha. Piga moja ya mbali inayoonyesha uso na jeraha pamoja, halafu ya karibu yenye rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Shati lenye damu usilifue. Likaushe kivulini, ulitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki litaoza.

Fomu ya P3 hutolewa kituo cha polisi, bure. Sehemu ya kwanza inajazwa na polisi, ya pili na daktari, ambaye anaandika jeraha lina umri gani, huenda limesababishwa na kitu cha aina gani, na liko daraja gani: jeraha la kawaida, jeraha baya, au la kulemaza. Daraja hilo ndilo linaloamua uzito wa mashtaka, kwa hiyo nenda na karatasi zote za matibabu ya siku ya kwanza, pamoja na picha ya eksirei kama ilipigwa. Usikubali kuondoka na P3 moja tu mkononi. Pigisha nakala mbili kabla ya kuirudisha, moja ilale nyumbani kwa mtu mwingine.

Na kama kituo kinachotakiwa kukupa P3 ndicho kile kile cha waliokupiga? Nenda kituo kingine. Nacho kikisuasua, usipoteze wiki nzima ukizungushwa. Chukua ripoti ya daktari yenye muhuri na uende nayo moja kwa moja IPOA.

Kuandika maelezo

Andika usiku huo huo, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Mtu mwenye uchungu huandika hivi:

"Polisi walinivamia wakanipiga vibaya sana bila sababu yoyote na kuninyanyasa."

Mchunguzi hana pa kuanzia hapo. Linganisha na haya:

"Jumanne, kama saa moja na nusu usiku, nilitoka Maweni kwenda Barani nikiwa na abiria mmoja wa kike. Nilisimamishwa na maafisa wawili wa sare. Nilizima pikipiki. Mmoja, kibao chake kilianza na herufi K, sikukisoma chote, alichomoa ufunguo. Niliuliza nimekosa nini. Alinipiga rungu mara moja bega la kulia nikiwa bado nimekaa. Nilianguka upande wa kushoto. Yule wa pili alisema 'mwache'. Abiria wangu aliona, simu yake ninayo."

Hakuna neno la kulalamika hata moja, na bado inauma kuisoma. Usiseme "bila sababu", eleza ulichokuwa ukifanya na msomaji ataona mwenyewe. Na usifiche kosa lako. Kama hukuwa na helmeti, andika. Haliondoi kosa la rungu, ila ukilificha wao watalifichua.

Pa kupeleka malalamiko

Piga ripoti kituoni upate namba ya OB, hata kama huna imani nao. Kila ofisi utakayoenda baadaye itaiulizia. Polisi wenyewe wana kitengo cha ndani cha kuchunguza maafisa wao, unaweza kukiandikia pia. Lakini mlango mkuu kwa maoni yangu ni IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ofisi yao ya karibu iko Mombasa, simu ya bure ni 1559, na huduma yote ni bure. Unaweza kuomba jina lako lifichwe. Wakiona kuna kosa la jinai, faili linapelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wakiona ni la nidhamu, wanapendekeza hatua kwa huduma ya polisi. Kuna watu wamengoja miaka, sitakuficha. Kila unapopiga simu, andika tarehe, jina la uliyezungumza naye na alichosema.

Jihadhari na jambo moja: aliyekupiga ni nani? Kanju, yaani askari wa kaunti, si polisi, na mwanajeshi wa KDF si polisi. IPOA hawana mamlaka juu yao. Kanju aliyekupiga kibao kwa ajili ya maegesho anaripotiwa polisi kama mtu mwingine yeyote aliyekupiga. Malalamiko juu ya jeshi yapeleke kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au mahakamani.

Kwa msaada wa kisheria, mashirika ya haki za binadamu MUHURI na HAKI Africa yako Mombasa na kesi za polisi Pwani yanazijua. Kituo cha Sheria nao husaidia wasio na uwezo.

Ukielekea Lamu

Barabara ya kupitia Garsen na Witu ina mambo yake. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, vizuizi ni vingi, abiria hushushwa na kupita kwa miguu wakionyesha vitambulisho, na wanaokagua wana wasiwasi halali wa kuviziwa. Hapo si trafiki tena, ni usalama. Panga safari ya mchana. Punguza mwendo mapema, shusha taa, usipite gari lililosimamishwa mbele yako. Kijana ambaye kitambulisho chake hakijatoka abebe karatasi ya kusubiria na cheti cha kuzaliwa, maana wasio na kitambulisho ndio wanaowekwa kando, na huko kando ndiko makofi hutokea. Dereva asiondoke akamwacha abiria wake pale. Gari zima likingoja, mambo huisha upesi zaidi. Ukivuka Mokowe kwenda kisiwani umeziacha karibu barabara zote, kule punda ndiye mwenye njia.

Usalama wako ukishalalamika

Josephat Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi mkononi na afisa wa polisi aliyemsimamisha, kisha yeye ndiye akafunguliwa mashtaka. Alilalamika IPOA. Tarehe 23 Juni 2016, akitoka mahakama ya Mavoko na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wote watatu walitekwa wakauawa. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama Kuu ilimhukumu afisa Fredrick Leliman kifo, na wenzake watatu vifungo vya miaka 20 hadi 30.

Siitaji kesi hiyo kukutisha usilalamike. Naitaja kwa sababu inaonyesha hatari iko wapi: safarini, baada ya malalamiko, ukiwa na watu wachache. Usiende mahakamani peke yako. Nakala za karatasi zako ziwe katika nyumba tatu tofauti. Mtu fulani ajue umetoka saa ngapi na unatarajiwa saa ngapi, na asingoje hadi kesho kuuliza. Ukitishwa, vitisho vyenyewe vipigie ripoti upate OB nyingine, na uwaambie IPOA siku hiyo hiyo. Kuna Shirika la Kulinda Mashahidi linaloweza kukuhamisha, na maombi yanaweza kupitia kwa wachunguzi au wakili wako. Usikutane na "mjumbe" wa afisa anayetaka myamalize nje. Akisisitiza, mwambie azungumze na wakili.

Fidia na saa ya mahakama

Afisa kushtakiwa ni jambo moja, wewe kulipwa ni jingine. Kesi ya madai ya kawaida dhidi ya serikali kwa kupigwa lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio. Miezi hiyo haisimami eti kwa sababu IPOA bado wanachunguza, na wengi wamekuja kulijua hilo mwaka wa pili. Njia nyingine ni ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 22 katika Mahakama Kuu, na Malindi tunayo, huna haja ya kupanda gari la Mombasa. Njia hiyo haina ukomo mkali kama ule, ila utatakiwa ueleze kwa nini ulichelewa.

Nenda kwa wakili na bahasha moja: maelezo yako ya usiku ule, namba ya OB, karatasi za hospitali, P3, picha, risiti zote za dawa na nauli, barua ya mwajiri au mwenyekiti wa steji kuhusu siku ambazo hukufanya kazi, na simu za mashahidi. Kama tayari miezi tisa imepita, mwone wakili kabla ya ofisi nyingine yoyote.